Vyeti vya kupeleka Dubai: muhuri wa wakili hautoshi

Dada yangu, pole na mahangaiko. Umesema mume yuko Dubai, anataka kukuombea viza ya familia wewe na watoto, na wakili kakwambia muhuri wake kwenye kopi unatosha. Hautoshi. Wakili anathibitisha kwamba kopi inafanana na cheti halisi, basi.

Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, vyote halisi, vianze kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa (kama vilitolewa Zanzibar, ni kwa wakala wa usajili wa huko). Kutoka hapo vinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu hapo Dar es Salaam. Vikifika kule, mumeo avipeleke wizara yao ya mambo ya nje. Usiruke hata hatua moja, maana kila ofisi inatazama muhuri wa iliyotangulia.

Habari za apostili (cheti kimoja cha uthibitisho kinachotosha bila kupitia ubalozi) ulizosikia kwa jirani ni za nchi zilizomo kwenye mkataba wa Hague wa 1961. Falme za Kiarabu hazimo, kwa hiyo habari hizo zisikuchanganye.

Kabla ya kulipa chochote, weka cheti na pasipoti mezani usome herufi kwa herufi. "Mwanaisha" kwenye cheti na "Mwana Aisha" kwenye pasipoti ni majina mawili kwa karani wa kule. Rekebisha sasa, ukiwa bado nyumbani. Na tafadhali, vyeti usivipige laminesheni. Mihuri itagongwa wapi? Tafsiri ya Kiarabu mumeo aulizie huko, kwa mfasiri mwenye leseni.