Kijerumani cha Bamburi na cheti cha uraia

SWALI: Shikamoo Bi. Niliuza vinyago ufuoni Bamburi miaka minane, na Kijerumani nilikiokota huko huko mchangani. Sasa naishi Ujerumani na mke wangu, huu mwaka wa sita, nafanya kazi kwenye bohari. Nilipoulizia uraia niliambiwa nipeleke cheti cha B1. Na yule aliyeniambia tulikuwa tukiongea Kijerumani! Kweli lazima mtihani? Niko likizo Kisauni wiki tano, naweza kuufanyia huku? Na paspoti ya Kenya je, ndiyo kwaheri?
Muuza Vinyago, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Maongezi yenu hayaingii kwenye faili. Sheria yao inataka B1, ngazi ya tatu katika sita za kujua lugha, kwa mdomo na kwa kalamu. Ungekuwa umesoma shule ya Kijerumani miaka minne ukafaulu, au umehitimu mafunzo ya ufundi huko, ungesalimika. Kubeba makasha hakumo.

Kuongea sikuhofii. Katika mtihani wa Goethe, taasisi ya Kijerumani inayotoa cheti hicho, mnakaa wawili, kama robo saa. Mnapanga jambo pamoja, tuseme sherehe, kisha kila mmoja anaeleza mada yake na mwenziwe anamuuliza. Mtu aliyemuuzia babu wa Kijerumani twiga wa mbao wa mita nzima, akamhakikishia ataingia kwenye ndege, hatashindwa na hilo.

Kazi iko kwenye kuandika. Dakika 60, maandishi matatu. La tatu ni fupi kuliko yote, maneno kama 40, na ndilo lililoniangusha mimi mwaka 2015. Nilitakiwa nimwombe radhi mwalimu kwamba sitafika. Nikaanza «Hallo», halafu «du, du», yaani «wewe» ya marafiki, mpaka mwisho. Kijerumani changu nilikitoa jikoni hotelini, na kule hakuna aliyeitwa «Sie», ile «wewe» ya heshima. Hebu fikiria umwandikie mwalimu mkuu barua inayoanza «Mambo vipi». Kwa mkubwa unaanza «Sehr geehrte Frau» na jina la ukoo, kisha «Sie», na hiyo S iwe kubwa kila mahali. Nilipata 52, na chini ya 60 hupiti. Afadhali mtihani umegawika sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila moja inafanywa peke yake. Nilirudia kuandika tu.

Huku Kenya, Goethe-Institut iko Nairobi, na cheti cha huko ni kile kile cha Ujerumani. Lakini angalia kwanza tarehe na nafasi, ndipo ukate tiketi ya SGR. Wiki tano huisha mara moja.

Kuna mtihani mwingine wa uraia, huo utaufanyia huko kwako. Maswali 33, upate 17, na matatu kati yake ni ya jimbo unaloishi. Maswali yote 310 yanakochotwa hayo 33 yako wazi kwenye intaneti, kwa hiyo ukianguka ni uvivu, nisamehe kusema.

Paspoti usiihofie. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha uraia wa kwenu, na Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa katiba ya 2010. Ila ukishapata wa Ujerumani, ijulishe serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Watu hulisahau hili. Enzi zangu mambo yalikuwa mengine: ilinibidi niuache wa Kenya, moyo ukakataa, nikarudi zangu Majengo. Cheti changu cha B1 kimo kabatini, chini ya leso.

Wewe anza leo usiku. Mwandikie msimamizi wako wa bohari, maneno 40, kwamba utachelewa kurudi kazini siku mbili. Kisha hesabu «du» zilizokuponyoka. Ila usiitume.