Gharama za mitambo ya upepo: usihesabu saa tu, angalia ni saa zipi

Mkuu, umeuliza kwa nini mitambo ya upepo inasimama ilhali upepo unavuma, na kama upepo ni wa bure, wenye mitambo wanabana matumizi wapi: kwa kupunguza mafundi? Nimefanya ufundi wa mitambo hii Kenya kwa miaka kadhaa, nitajibu kwa ninavyoijua kazi.

Si kila mtambo uliosimama ni mbovu. Kuna nyakati waongoza gridi (mtandao wa umeme wa taifa) wanaagiza tupunguze, hasa usiku wa manane, matumizi ya umeme yakiwa chini. Kuna nyakati laini ya umeme ndiyo haipo. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana kule Loiyangalani ilikamilika 2017, ikangoja hadi 2018 laini ya kilomita 428 ya kwenda Suswa iwe tayari. Hapo fundi hana lake.

Tukija kwenye ubovu wenyewe, hitilafu nyingi ni ndogo. Sensa imechafuka, brashi za kaboni za jenereta zimelika, filta imeziba kwa vumbi mpaka mtambo ukapata joto na kujizima. Unapanda, unarekebisha, unashuka siku hiyo hiyo. Hitilafu kubwa ni chache: giaboksi (sanduku la gia), beringi kuu, panga (bawa la mtambo) lililopasuka. Hizo ndizo zinazomaliza hela, na si kwa bei ya spea peke yake. Ni kreni. Hata mitambo midogo ya kilowati 850 kama ya Turkana ina giaboksi yake mita 44 juu. Kreni ya kuifikia lazima isafirishwe hadi huko, ipangwe, kisha ingoje upepo utulie ndipo inyanyue, na mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu upepo hautulii! Inalipwa kwa siku, inyanyue isinyanyue.

Kwa hiyo kazi yote ya kupunguza gharama, kwa maoni yangu, ni kuikwepa kreni, au ikibidi ije, ije mara moja kwa kazi tatu. Oili ya giaboksi inachotwa na kupelekwa maabara: chembe za chuma zikianza kupanda, kuna meno au beringi inayolika. Vipima mtetemo vinaweza kukuonyesha beringi inayoharibika miezi kadhaa kabla haijafa. Miezi hiyo ndiyo faida yako. Unaagiza spea bila haraka, unausubiri msimu wa upepo mdogo, unaangalia mtambo gani mwingine una dalili zinazofanana, ndipo unaita kreni.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni hili. Mikataba ya matengenezo huahidi mtambo uwe tayari kwa asilimia fulani ya saa za mwaka, tuseme 97. Asilimia 3 iliyobaki ni kama saa 263. Lakini nguvu iliyomo kwenye upepo inakua kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mbili mara mbili mara mbili: upepo wa mita 12 kwa sekunde una nguvu mara nane ya ule wa mita 6. Mtambo uliosimama saa 263 za upepo hafifu haujapoteza sana. Uliosimama saa hizo hizo msimu wa upepo mkali umepoteza mapato makubwa, na kwenye ripoti yote mawili yanasomeka 97. Upepo wa Turkana kwa kawaida huwa mkali usiku na alfajiri, hupungua mchana. Sevisi ya pale inafaa kufanyika mchana, hata kama jua linachoma na chumba cha juu kinakuwa tanuri. Tunalalamika, lakini ndiyo saa yake.

Kitu kinachoniuma ni mazoea ya kuriseti. Alamu inalia, mtu wa zamu anabonyeza akiwa ofisini, mtambo unawaka, kesho inalia tena. Nimeona mtambo ukiendeshwa hivyo kwa wiki nzima, kumbe pampu ya mafuta ya kugeuzia mapanga ilikuwa inakata roho. Alamu ile ile ikirudi mara ya tatu, mtu apande akaangalie. Hilo lingekuwa sheria kila mahali.

Kuhusu kupunguza mafundi, hapana. Anayepanda na spana akakaza boliti za msingi na za mapanga kwa kipimo, akapaka grisi, akakagua kingo za mapanga zilizoliwa na mchanga, ndiye anayeizuia kreni isije. Ukimpunguza, utaona nafuu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu utalipa giaboksi.

Kama kampuni yenu iko kwenye hatua ya mkataba, ombeni dhamana ihesabiwe kwa umeme uliopotea, si kwa saa. Na data za mtetemo na majibu ya oili ziwe mali yenu tangu siku ya kwanza, kwa sababu mkandarasi akiondoka nazo, anayemfuata anaanza upya gizani.