Unamshikia vipindi mwenzako, halafu unaongezewa prepu na bweni: uliza kwanza yeye alilipwaje

Mleta mada, umesema unamshikia vipindi mwalimu aliye likizo ya uzazi, shule ya binafsi, na wiki hii mkuu kakuongezea kusimamia prepu (wanafunzi wakijisomea usiku) na bweni bila hela. Unauliza ukubali au ugome. Yalinikuta hayo hayo Morogoro, shule ya bweni, nikifundisha Baiolojia kidato cha pili na cha tatu. Nilichemka, acha nikueleze nilichemka wapi.

Mkataba wangu ulikuwa karatasi moja: vipindi 18 kwa wiki, siku 84. Hizo 84 ndizo siku za likizo ya uzazi kisheria, na mama akijifungua mapacha zinakuwa 100. Wiki ya pili mkuu wa shule akaniita ofisini, akanimiminia chai kwa mkono wake. "Mwalimu, mwenzio alikuwa na 2B. Watoto hawawezi kukaa bila mwalimu wa darasa, shikilia tu." Nikashikilia. Mahudhurio kila asubuhi, nani hajalipa ada, mzazi anapiga simu saa nne usiku kuuliza kama godoro la mwanawe limefika. Wiki ya nne ikaja prepu: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Fundi maabara alipoacha kazi, nikajikuta Jumamosi mchana naosha mirija ya maabara peke yangu.

Sikusema kitu kwa sababu moja tu, nilitaka waniajiri. Nahisi na wewe ni hivyo hivyo, ndiyo maana unatuuliza sisi na siyo mkuu wako.

Yule madamu niliyemshikia aliporudi, nilimkabidhi daftari la mahudhurio. Akalipekua, akaniuliza, "Ile ya darasa walikuwa wanakupa mkononi au benki?" Nikamuuliza ipi. Kumbe yeye alikuwa analipwa 40,000 kwa mwezi kwa ajili ya 2B, na 5,000 kwa kila usiku wa prepu. Nikageuza daftari langu nyuma nikahesabu palepale mezani: usiku 27. Prepu peke yake 135,000, na miye nilikuwa nakopa nauli ya bodaboda.

Kwa hiyo kabla ya kukubali au kugoma, mtafute unayemshikia, au mwalimu yeyote wa siku nyingi pale, umuulize hiyo kazi ina posho ya kiasi gani. Ikiwa wenzako wanalipwa kwa kazi hiyo, wasijifiche nyuma ya kile kimstari cha "na majukumu mengine utakayopangiwa".

Hapo juu kuna waliokushauri ukatae kila kitu. Hapana. Kusahihisha daftari za wanafunzi wako, andalio la somo, zamu yako ikifika, kusimamia mtihani, hiyo ni kazi uliyoiomba. Ukigomea zamu utaonekana mtu wa ajabu, na mimi nitakuwa upande wa mkuu.

Prepu ni habari nyingine, na hapa piga hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki. Mimi nilikuwa nakaa shuleni saa 44 ukitoa mapumziko, Jumamosi ikiwemo. Weka saa 6 za prepu, tayari nimezidisha 5. Saa za ziada zinatakiwa ziwe za makubaliano, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa mbili usiku kuna nyongeza nyingine ya asilimia 5 ya malipo ya kila saa, na kama saa hiyo ni ya ziada inapigwa kwenye kiwango cha saa ya ziada. Hivyo nunua daftari, andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, mwalimu wa zamu akusainie. Langu halikuwa na sahihi ya mtu, ila bahati nzuri kiranja wa taaluma alikuwa na orodha yake ya wasimamizi wa prepu. Nikaenda nayo kwa mhasibu. Za prepu nilipata baada ya wiki tatu za kuzungushwa, za 2B mpaka leo sijaziona. Ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, lakini madai ya malipo yanatakiwa yafike ndani ya siku 60, nami niliziacha zikapita nikisubiri kuitwa kwenye ajira. Sikuitwa.

Bweni ndilo ningekataa, hata wakilipa, mpaka wakuandikie barua. Mtoto akibanwa na pumu saa nane usiku, nani anaidhinisha gari litoke? Nani anampigia mzazi? Matroni ana majibu kwa sababu ana barua ya kazi hiyo. Wewe una karatasi inayosema vipindi tu. Muulize mkuu maswali hayo mawili kwa upole, na ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki.