Kuchangia programu huria kabla "hujaiva": mimi nilianzia OpenMRS

Ndugu yangu umeuliza kama mtu aliyemaliza kozi ya Java (lugha ya kuandikia programu) juzi anaweza kuchangia programu huria, zile ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, iko wazi kwa yeyote kuirekebisha, au asubiri kwanza aive. Usisubiri. Ila pia usikimbilie kuandika kodi, na hapa najua wengi humu tutabishana.

Mimi nilikuwa karani wa data kwenye kliniki moja, kutwa nzima naingiza faili za wagonjwa kwenye KenyaEMR, na KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, ile programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanzishwa 2004 na watu wa Indiana kule Marekani pamoja na wenzao wa Eldoret, ikaanza kutumika Eldoret 2006 na mwaka huohuo ikaingia Rwanda. UgandaEMR nayo ni ukoo huohuo. Kwa hiyo mtu wa huku ukiichangia hujengei watu wa mbali, kesho unapeleka mzazi hospitali unaikuta iko wazi kwenye kompyuta ya mapokezi. Kwangu hilo ndilo lililonipa nguvu kuliko habari za kupendezesha CV.

Sasa kitu nilichokuwa nacho mimi, na madevelopa wengi hawana, ni kwamba nilijua kazi yenyewe inavyokwenda. Anakuja bibi, tarehe ya kuzaliwa haijui, anakwambia weka tu sabini na kitu. Kwenye OpenMRS unaweka umri, mfumo unapiga hesabu ya tarehe wenyewe na kuitia alama kwamba haya ni makadirio. Mtu ambaye hajawahi kukaa mapokezi anaweza kuona kale kaalama hakana kazi. Au habari ya kufuta, kule rekodi ya mgonjwa haifutwi hivihivi, inabatilishwa, inabaki kwenye databesi pamoja na jina la aliyeibatilisha, tarehe na sababu, manake daktari akiuliza nani kaondoa hii dawa lazima jibu lipatikane. Ukiyajua haya, hata Java yako ikiwa changa unalo la kuwaambia.

Na ndio maana mchango wangu wa kwanza haukuwa na kodi hata mstari mmoja. Kulikuwa na tiketi, yaani taarifa ya tatizo, mtu kaandika tu kwamba fomu inagoma kusevu, basi, hakuna aliyeelewa inagoma wapi, imekaa hapo miezi. Nikaiendesha programu kwenye laptopu yangu nikahangaika nayo mpaka nikapata inapogomea, nikaandika pale chini: nimefungua ukurasa huu, nimejaza hiki, hiki nimekiacha wazi, nimebonyeza sevu, nilitegemea hivi ikatokea hivi, toleo ni hili. Jamaa mwingine akaichukua akairekebisha kwa haraka sana maana kazi ngumu ilikuwa kuipata, sio kuirekebisha. Tangu hapo nikiuliza swali kule nakuta watu wananijua.

Ukifika kwenye kodi sasa. Tiketi ziko kwenye Jira yao, tovuti ya kufuatilia kazi, tafuta zile za wanaoanza, angalia kama imewekwa kuwa tayari kufanyiwa kazi, jiandikishe kwamba umeichukua ndio uanze, na kama imeshikwa na mtu muulize kwanza. Mwanzo wa mwaka hizo rahisi zinagombaniwa kwelikweli, watu wanajiandaa na Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaoanza kuchangia programu huria, ambao OpenMRS walianza kushiriki 2007, kwa hiyo ukikosa usikate tamaa. Pia ukijenga mradi mara ya kwanza Maven, kifaa cha kujengea programu za Java, inashusha maktaba (kodi za wengine ambazo mradi unazitumia) nyingi mno, tafuta waifai, bando litakuishia katikati.

Halafu badilisha KILE TU tiketi inachosema. Nasisitiza hili kwa sababu naliona kila siku sasa hivi ninapokagua kazi za wengine: mtu kaona faili limekaa ovyo akalinyoosha lote, nafasi, mabano, kila kitu, unafungua unakuta mistari chungu nzima imebadilika na la maana ni miwili, unaanza kuitafuta hiyo miwili mpaka unaacha. Weka na testi, kodi fupi ya kupima kazi yako, inayofeli bila badiliko lako na inayopita ukiliweka. Hiyo inamaliza ubishi mapema.

Maoni yakija usidhani umetukanwa, wale wanaingia kwenye hoja moja kwa moja, salamu hakuna. Jibu kila hoja, na pale unapojua kazi kuliko wao tetea. Mimi kuna mkaguzi alitaka namba ya simu ya mgonjwa iwe ya lazima, nikamweleza kwamba huku kuna wagonjwa wanatumia simu ya jirani na wengine hawana kabisa, ukiifanya lazima makarani wataanza kujaza sifuri kumi ili fomu ipite na hapo data yote imeharibika. Akakubali siku hiyohiyo. Wakikaa kimya wiki nzima wakumbushe kwa adabu, wengi wanajitolea na wana kazi zao.

Kama unataka kuanzia tafsiri ya Kiswahili nayo ni mchango kamili, ila inafanyika Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, usiende kuhariri faili za lugha kwenye GitHub, kodi inakokaa.

Jaribu kuijenga OpenMRS wikendi hii. Ukikwama bandika hapa eraa yote kama maandishi sio picha ya skrini, na useme una toleo gani la Java, mara nyingi shida inaanzia hapo. Jioni huwa nipo.