Bosi kutokea chini filamu nzima? Mkuu, usithubutu

Mkuu, acha. Acha kabisa. Umeandika kwamba kwenye filamu yako bosi utampiga picha kamera ikiwa chini, na mfanyakazi anayefukuzwa kamera ikiwa juu, mwanzo mwisho, "ili mtazamaji ajue nani ana nguvu", halafu ukauliza lenzi gani inafaa shoti ya machozi. Lenzi itasubiri. Hilo la kwanza ndilo lililonimaliza mimi.

Filamu yangu fupi ya kwanza ilikuwa ya baba mkali na binti yake. Kamera ya baba niliilaza karibu na sakafu, ya binti nikaipandisha kwenye ngazi. Siku mbili nzima, najiona fundi. Ikafika shoti ya mwisho: binti anaweka barua mezani, baba anaisoma, anagundua binti anajua kila kitu. Hapo ndipo baba alitakiwa anywee. Kwenye picha sasa? Mnara uleule. Kidevu, tundu mbili za pua, na taa ya dari imemkaa kichwani kama taji. Kamera haikuwa na pa kwenda tena, maana ukubwa wote nilishaumaliza tangu dakika ya kwanza, mtu anafunga tu kamba za viatu!

Niliowaonyesha walicheka. Nikajifanya eti ni vichekesho. Mhariri akaniuliza, "Huna hata shoti moja ya usawa wa macho?" Sina. Tukitaka kurudia, baba keshanyoa ndevu. Mpaka leo pua za yule jamaa nazijua kuliko zangu.

Na yule mwalimu wa kozi ya mtandaoni aliyenijaza "chini ni ukubwa, juu ni unyonge, basi", sijui huwa analalaje. Angetutajia hata filamu ya Citizen Kane ya 1941: mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake Gregg Toland walitoboa sakafu ya seti ili kamera ishuke chini kabisa, na hapo Kane, mhusika mkuu, ndiyo ametoka kushindwa uchaguzi. Jitu zima, limeangushwa, dari limeliinamia. Urefu wake ndio unaouma, kwa kuwa tunajua amepoteza nini.

Anzia usawa wa macho, ukae hapo. Kwenye skripti tafuta mstari ambao mmoja anashindwa, uupigie alama. Kabla ya mstari huo kamera isipande wala kushuka. Tukio lako: wote wamekaa, lenzi iko usawa wa macho yao. Bosi akishatamka lile neno la kumfukuza, mfanyakazi asimame, wewe stendi ya kamera usiiguse. Tayari unamtazama kutokea chini, yeye aliyefukuzwa! Ukigeukia kwa bosi, piga kutokea begani kwa huyo aliyesimama, uone kiti kinavyommeza.

Bandika hapa ukurasa wa tukio hilo tuutafute huo mstari, kabla hujakodi chochote.