Kichwa kuuma baada ya saratani ya matiti: msingoje kliniki

Pole sana, dada. Umeuliza kuhusu mama yako: kichwa kinachouma zaidi alfajiri, kutapika, na sasa mguu mmoja kukosa nguvu, baada ya saratani ya matiti ya HER2 (aina yenye protini ya HER2 kwa wingi inayoikuza). Hayo si ya panadoli wala ya kungoja kliniki ya mwezi ujao. Aina hiyo hupenda kwenda kwenye ubongo. Mpeleke leo idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, ukibeba ripoti ya baiopsi (kipimo cha kipande cha uvimbe) na dawa zake zote.

Ulizia MRI ya kichwa (picha ya kina inayopigwa kwa sumaku) yenye dawa ya kuangazia. CT (picha ya eksirei ya kompyuta) huweza kukosa vivimbe vidogo, kwa hiyo ikitoka safi na dalili bado zipo, msikubali yaishie hapo. Sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo isitangulie picha. Shinikizo likiwa juu kichwani, ubongo unaweza kusukumwa chini, na hilo huua.

Akiandikiwa deksamethasoni, jua dawa hiyo inapunguza kuvimba kwa ubongo tu, saratani iko palepale. Ameze baada ya chakula, dozi ya mwisho isifike jioni, la sivyo hatapata usingizi. Sukari ipimwe. Asiikatize ghafla hata akijisikia mzima.

Degedege ikimshika njiani, mlaze ubavu. Kijiko mdomoni hapana. Mgongo ukiuma na miguu yote kulegea, au mkojo kukataa kutoka, huenda uti wa mgongo umebanwa: aonwe siku hiyohiyo, maana miguu iliyokwisha kupooza mara nyingi hairudi. Tiba ya mionzi ya saratani ipo hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, hivyo ombeni rufaa mapema.