Nachorea watu nyumba, ya kwangu inanishinda

SWALI: Habari za kazi jamani. Mimi ni msanifu majengo, nimechorea watu nyumba nyingi tu na wanaishi humo hawana shida, sasa tumepata kiwanja chetu na nimekwama. Kila wiki nabadilisha ramani, leo ngazi iko katikati kesho iko pembeni, mume wangu kachoka anasema tutahamia tukishazeeka, na watoto wawili kila mmoja anataka chumba chake. Nifanyeje?

JIBU: Dada, za watu zinaisha kwa sababu kuna mtu wa kukukatalia. Mteja ana bajeti yake na haraka zake, akisema basi unaacha. Hapo kwako mteja ni wewe na mchoraji ni wewe, ukipata wazo saa sita usiku nani atakuuliza linalipiwa na nini? Hujaanza wewe lakini, msanifu wa Marekani Robert Venturi alimchorea mama yake nyumba kule Philadelphia, ilikamilika 1964, na kabla ya hapo alichora na kuchora upya kwa miaka.

Kwa hiyo mpe mumeo umteja, na sio kwa utani. Aandike mahitaji kwa maneno, asichore kitu: asubuhi nani anaingia bafuni kwanza, nguo zinaanikwa wapi, mzazi asiyeweza kupanda ngazi akija analala wapi, na pesa mwisho ni kiasi gani. Mkikubaliana wekeni sahihi wote wawili, kuanzia hapo ukitaka kubadilisha kitu unampelekea na gharama yake na unamwambia nini kinapunguzwa ili hicho kiingie. Utashangaa mawazo mangapi yatakufa yenyewe.

Vyumba vya watoto ndio pa kutuliza akili, maana watakua na wataondoka. Chora chumba kimoja kikubwa kinachogawanywa na ukuta mwepesi usiobeba mzigo wowote, ila kila nusu iwe na dirisha lake, mlango wake, swichi na soketi zake tangu mwanzo, kwa sababu ukisubiri mpaka siku ya kugawa utaanza kubomoa plasta na kutoboa ukuta wa nje kutafuta dirisha. Wakiondoka unatoa ukuta unapata sehemu ya kufanyia kazi.

Halafu najua nyie wasanifu mnapenda kufanyia majaribio kwenye nyumba zenu. Msanifu mwingine wa huko Marekani, Frank Gehry, aliivisha ya kwake mabati na wavu wa uzio kule Santa Monica mwaka 1978, majirani wakalalamika. Jaribu kitu kimoja kama huwezi kujizuia, ila isiwe kwenye paa wala mabomba, maana kikifeli hapo ni ninyi mtakaokinga ndoo.

Na kabla ya kumwita injinia wa nondo na zege, mpe ramani msanifu mwenzako asiyekuonea aibu, umlipe kabisa ili asikusifie tu.